Somo la Kilimo: Kupata Mbegu Halisi ya Magimbi kwa Kuchavusha kwa Mkono

Mkulima anayevuna gimbi, akakata kichwa chake na kukirudisha ardhini, husema kwamba amepanda mbegu. Kwa hakika hakupanda mbegu. Amepanda kipande cha mmea uleule alioukuta kwa wazazi wake, na chipukizi alilompa jirani ni kipande kingine cha mmea huohuo. Desturi hii ina faida: gimbi tamu hubaki tamu vizazi na vizazi. Lakini ina hatari yake pia. Ikiwa mmea mmoja hauwezi kustahimili ugonjwa fulani, basi shamba zima haliwezi, wala mashamba ya kijiji kizima.

Mfano ulio wazi ni wa visiwa vya Samoa katika Bahari ya Pasifiki. Katika nchi iliyokuwa ikiitwa Samoa Magharibi hadi mwaka 1997, magimbi yalikuwa chakula kikuu na zao kubwa la kuuza nje, na sehemu kubwa ya wakulima walipanda aina moja iliyopendwa sokoni, iitwayo Niue. Mwaka 1993 ulionekana ugonjwa wa bakajani, unaosababishwa na kimelea kiitwacho Phytophthora colocasiae. Kimelea hicho husambazwa na matone ya mvua na umande, na pia husafiri pamoja na vipando. Majani hufa mapema, nalo gimbi lililo ardhini hukosa cha kulilisha. Dawa zilinyunyizwa na uhamishaji wa vipando ukazuiwa, lakini biashara ya kuuza magimbi nje ilianguka kwa muda mfupi sana. Afrika nayo haikusalimika: kufikia mwaka 2010 ugonjwa huo ulikwisha kuingia Nijeria, Ghana na Kameruni.

Wasamoa walipata njia ya kutoka kwa kurudia kitu ambacho wakulima wengi hawajapata kukiona, yaani mbegu halisi ya gimbi. Aina zenye ustahimilivu, zikiwamo za kutoka visiwa vya Palau, zilichavushwa na nyingine, na kuanzia mwaka 1999 wakulima wenyewe, wakishirikiana na wataalamu, walipanda miche iliyopatikana na kuipima katika mashamba yao. Kazi hiyo haihitaji mtambo wowote. Yahitaji kisu kikali, mkono mtulivu na daftari.

Kwanza yafaa ua lifahamike. Ua la gimbi ni kijiti mfano wa bunzi la hindi, kilichofunikwa na ala ndefu ya rangi ya manjano. Chini ya kijiti, mahali ala ilipobanana, yamo maua ya kike, ya kijani na madogo sana. Juu yake yapo maua ya kiume yenye chavua. Maua ya kike hukomaa kabla ya yale ya kiume kumwaga chavua. Tofauti hiyo ya muda ndiyo nafasi ya mchavushaji.

Jioni, ala inapoanza kulegea lakini haijafunguka, ikatwe kwa uangalifu na sehemu ya kiume iondolewe, ili mmea usijichavushe wenyewe. Asubuhi ya pili ichukuliwe chavua mbichi kutoka ua la aina nyingine lililofunguka asubuhi hiyohiyo, ipakwe taratibu juu ya maua ya kike, kisha ua lifunikwe kwa mfuko wa karatasi. Kibandiko chenye jina la mama, jina la baba na tarehe kifungwe papo hapo. Anayesema ataandika jioni hukuta maua matatu yasiyo na wazazi.

Kikwazo kikubwa ni kwamba magimbi huchanua kwa nadra. Mashina yaliyoachwa bila kuvunwa huchanua zaidi, na vituo vya utafiti hutumia kichocheo cha asidi ya jibereliki. Hali kadhalika zipo aina zenye seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Hizo kwa kawaida hazizai mbegu hata zikichavushwa vyema. Anayetaka kuzoeza mkono aanze na kaladiamu, lile ua la vibarazani lenye majani mekundu na meupe. Ni jamaa ya gimbi, ua lake limeumbwa vivyo hivyo, huchanua kwa wepesi, na miche yake hutoa rangi ambazo wazazi hawakuwa nazo. Ila haliliwi, na utomvu wake huwasha vikali, watoto wasikaribie.

Matunda hukomaa baada ya wiki nne hadi sita na kuwa laini. Yapondwe majini, mbegu zioshwe na kuanikwa kivulini. Mbegu hizo ni ndogo mno, hivyo zisifukiwe. Zitawanywe juu ya udongo laini wenye unyevu, na chombo kifunikwe kwa nailoni angavu. Huota kwa wiki moja hadi mbili. Miche ikishika majani machache ihamishiwe kila mmoja katika kopo lake, na ipelekwe shambani ikipata nguvu.

Hapo ndipo chama kinapohitajika kuliko mtu mmoja. Miche ya tunda moja haifanani: mmoja utakuwa na gimbi linalowasha, mwingine mizizi mitupu, na wachache tu watastahili kutazamwa tena. Hata hao wasihukumiwe katika msimu wa kwanza, kwani mche wa mbegu huwa dhaifu. Wapandwe upya kwa machipukizi na kulinganishwa na aina ya zamani katika shamba lilelile. Mkulima mmoja hana eneo la kulea miche mia mbili ambayo mingi itatupwa, lakini wanachama ishirini wanaweza kuigawana kumi kumi.

Katibu ampe kila mche namba isiyobadilika, aandike wazazi wake, jina la mwanachama anayeulea, hali ya majani wakati wa mvua, uzito wa gimbi na maoni ya waliolionja likiwa limepikwa. Kabla ya kupanda, mkutano uamue pia jinsi machipukizi ya mche utakaochaguliwa yatakavyogawanywa, kwa maana mche mzuri ukishaonekana katika shamba la mmoja, makubaliano hayo huwa magumu.