Mto Unaposhuka Mlimani

Mji wa Uvira ni mrefu na mwembamba kama mkeka. Mashariki yake ni ziwa Tanganyika, magharibi yake ni milima ya Mitumba, na katikati watu wamejipatia nafasi ndogo ya kujenga nyumba, masoko, makanisa na shule. Mito inashuka kutoka milimani, inakata mji, inaingia ziwani. Kavimvira uko upande wa kaskazini, kisha Mulongwe, kisha Kalimabenge upande wa kusini. Wakati wa kiangazi mtoto aweza kuvuka Kalimabenge kwa kurukaruka juu ya mawe, na magoti yake yakabaki makavu. Mgeni akitazama maji hayo machache huuliza: Mbona mto mdogo namna hii una njia pana namna hii? Na mawe haya makubwa kama mbuzi, nani aliyeyaleta?

Mto wenyewe ndio ulioyaleta.

Mvua kubwa ikinyesha milimani, maji hayana mahali pa kupumzika. Mteremko ni mkali, na njia ya kufika ziwani ni fupi. Tena mahali pengi miti imekatwa kwa ajili ya makaa na mashamba, basi hakuna mizizi ya kushika udongo. Maji yanachukua udongo, udongo unachukua mawe, na vyote vinashuka pamoja. Mto Rusizi unaopita katika uwanda hujaa polepole, na mtu hupata wakati wa kuhamisha mbuzi wake na vyombo vyake. Mito ya mlimani haimpi mtu wakati huo. Yaweza kujaa kwa dakika chache tu, hata kama mjini jua linawaka na nguo zimeanikwa. Kwa sababu hiyo mtu mwenye akili hatazami tu anga lililo juu ya kichwa chake, bali hutazama mlima. Wingu jeusi likifunika mlima, maji ya mto yakageuka rangi yakawa kama matofali, majani na vijiti vikaanza kupita, na mawe yakasikika yakigongana chini ya maji, hapo hakuna wa kuvuka, awe mtoto au mtu mzima.

Katika usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua ilinyesha kwa nguvu sana. Mto Mulongwe uliacha njia yake ukaingia katika mitaa. Watu zaidi ya 40 walikufa, maelfu ya nyumba yakabomoka au kujaa matope, na makumi ya maelfu ya watu wakakosa mahali pa kulala. Mabomba ya maji safi ya mji nayo yaliharibika. Wakati ule shule zote za Kongo zilikuwa zimefungwa tangu mwezi wa tatu kwa ajili ya ugonjwa wa korona, kwa hiyo hapakuwa na mtoto darasani wala njiani. Lakini mto haungojei usiku, wala haujui siku za likizo. Katika nchi hii masika na mwaka wa shule huenda pamoja, na mvua nyingi huja baada ya saa sita za mchana, saa ile ile ambayo watoto wa asubuhi wanarudi kwao na wale wa zamu ya mchana wanakuja.

Basi direkta wa shule afanye nini mlima ukiwa mweusi?

Zamani katika shule nyingi mwalimu alipoona mvua inakuja alipiga kengele mbele ya saa, akasema, “Kimbieni nyumbani upesi!” Alifanya hivyo kwa huruma. Lakini tuseme shule ina watoto 300, na 100 kati yao wanakaa ng’ambo ya mto. Kuwafungua saa ile ni kuwatuma watoto 100 mtoni kwa saa mbaya kuliko zote. Heri wakae darasani, waimbe, wafanye hesabu, hata kama mabati yanapiga kelele na mwalimu hasikiki. Mama atakayemngoja mtoto wake mpaka jioni atakasirika kidogo. Hasira hiyo itapita.

Tena jambo hili halifai kuamuliwa siku ya mvua. Hupangwa wakati wa kiangazi, direkta akikaa pamoja na waalimu na komite ya wazazi. Hapo huandikwa katika daftari jina la kila mtoto anayevuka mto, na mto gani, na daraja gani. Wazazi huambiwa wazi: Mlima ukiwa mweusi, mtoto wenu hatafunguliwa mpaka njia ijulikane kuwa salama. Mzazi aliyeambiwa mapema hatakuja mbio kumtafuta mtoto mtoni, na pengine kuchukuliwa na maji yeye mwenyewe. Kisha wadogo hupangwa kurudi nyumbani kwa vikundi, kila mtaa na kikundi chake, na mkubwa wa darasa la sita mbele na mwingine nyuma. Yule wa nyuma ndiye mwenye kazi kubwa, kwa maana watoto wanaopotea hupotea nyuma.

Lakini shule nyingine zenyewe zimejengwa karibu na mto. Hapo kukaa darasani si usalama. Shule ya namna hiyo yapasa kujua mapema mahali pa juu pa kukimbilia, na njia ya kufika huko isiyovuka maji, na watoto waitembee njia hiyo mara kadhaa hata miguu yao iijue. Watu wa Japani walionyesha faida ya mazoezi hayo. Tarehe 11 Machi 2011 nchi yao ilitikiswa na tetemeko kubwa, kisha bahari ikapanda juu ya nchi kavu. Katika mji wa Kamaishi shule mbili zilikuwa jirani, moja ya wakubwa na moja ya wadogo. Wakubwa walitoka mbio bila kungoja, wadogo walipowaona wakatoka nao, na wakubwa wakawashika mikono. Walifika mahali palipopangwa, wakaona hapatoshi, wakapanda tena juu zaidi. Bahari ikazifunika shule zote mbili, lakini wale watoto zaidi ya 500 waliokimbia pamoja waliokoka. Uvira haina bahari, lakini ina mlima karibu. Mahali pa kukimbilia panatafutwa juu, mbali na mto na mbali na mteremko uliopasuka, kwa maana udongo uliolowa nao huporomoka.

Watoto wengine husema, “Maji yananifika magotini tu, mimi ni hodari.” Wahesabu vizuri. Maji yanayojaza sanduku lenye mita 1 kila upande yana uzito wa kilo 1,000. Maji ya magotini yakienda kasi humwangusha mtu mzima, na katika maji ya matope hakuna anayeona jiwe au shimo lililo chini. Daraja pia si salama ikiwa maji yanagonga mbao zake au yamekula udongo wa pembeni. Na kiatu kikichukuliwa na maji, kiende zake.

Hatari nyingine ya masika ni radi. Milima ya mashariki ya Kongo imo katika mahali pa kwanza duniani kwa wingi wa radi. Mwezi wa Juni 2011 radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, ikaua wanafunzi 18. Tangu hapo watu wengi wamefahamu kwamba shule inahitaji chuma cha kukinga radi, kilichosimamishwa juu ya paa na kuunganishwa kwa waya mnene mpaka ndani ya ardhi, ili moto wa radi upite huko na si katika watu. Shule isiyo na chuma hicho bado ni bora kuliko uwanja wa mpira au chini ya mwembe, lakini watoto waondoke ukutani, madirishani na kwenye milango ya chuma. Aliye ziwani katika mtumbwi au anayeoga arudi pwani mara moja. Mwalimu aweza kujua umbali wa radi kwa kuhesabu: kutoka mwangaza mpaka ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita 1. Hesabu ikiwa chini ya sekunde 30, wote wawe ndani. Nao wasitoke kucheza mpaka dakika 30 zimepita tangu ngurumo ya mwisho.

Mvua ikikoma kazi haijaisha. Maji ya mafuriko hupita katika vyoo kabla ya kuingia visimani, na kipindupindu kinaijua Uvira vizuri. Maji ya kunywa shuleni yachemshwe au yatiwe dawa. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia katika nyumba za pwani, na pale ambapo maji yamesimama katika njia, mtoto asipite kwa kubahatisha, kwa maana shimo halionekani na viboko hufuata maji.

Asubuhi inayofuata mwalimu anafungua daftari na kuita majina. Mtoto asiyeitika hapigiwi tu alama. Mtu anatumwa kwao, kwa njia isiyovuka mto, kuuliza habari zake.

Maswali. Mito mitatu ya Uvira ni ipi? Kwa nini mto waweza kujaa wakati mjini jua linawaka? Kuna sekunde 12 kati ya mwangaza na ngurumo: radi iko kilomita ngapi? Chora njia yako kutoka nyumbani mpaka shuleni, uonyeshe kila mahali inapovuka maji.