SOMO: KUFYEKA MAJANI KWA WAKATI WAKE

Ndugu wafanyakazi, kufyeka hakuna asiyekujua. Shambani, majani yakirefuka nyapara hupiga kelele. Leo tutazame kambi za mapumziko za pwani ya Uingereza. Kambi hizo zinatuhusu: sheria ya likizo yenye malipo ilipitishwa huko mwaka 1938, baada ya vyama vya wafanyakazi kuidai kwa miaka mingi, na mwaka 1939 wachimba makaa wa Derbyshire walifungua kambi yao wenyewe mjini Skegness.

Desturi ilikuwa kukata kila mahali mara kwa mara, pawe kama zulia. Maua hayakuwahi kuzaa mbegu, na nyuki na vipepeo wakakosa chakula. Tangu miaka ya 1930, Uingereza imepoteza kiasi cha asilimia 97 ya mbuga zake zenye maua mengi, hasa kwa kulimwa na kutiwa mbolea. Ndiyo maana hata ukingo wa kambi una thamani.

Siku hizi baadhi ya kambi hukata karibu na nyumba na viwanja vya watoto tu. Kwingine huachwa mpaka Agosti, mbegu zikomae. Majani yakishakatwa hulazwa siku chache yadondoshe mbegu, kisha huondolewa yote. Hapo ndipo wengi hukosea. Yakiachwa yaoze, udongo hunenepa, na udongo mnono huzaa majani mazito yanayosonga maua. Mkulima atacheka, lakini maua haya hupenda udongo maskini. Tena hupandwa mmea wa maua ya manjano unaonyonya mizizi ya majani, jamaa ya kiduha. Kiduha kwenye mahindi yetu ni adui. Huyu wa kwao ni kibarua asiyelipwa.

Wako na ndege. Kipozamataza hutaga chini, kati ya Aprili na Agosti, na sheria ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kwa makusudi kiota kinachotumika. Katika visiwa vya Uskoti yupo konkreki, ambaye majira ya baridi huja huku kwetu, mashariki na kusini mwa Afrika. Kwa ajili yake hukatwa kuanzia katikati kwenda nje, vifaranga wapate njia. Ukianza pembeni, unawazingira.

Sasa kazi yenyewe. Meneja akisikia "kukata mara moja", haraka atataka kupunguza watu. Asidanganye mtu! Majani marefu ni mazito, na kuyakusanya kunataka mikono. Mashine ya kubeba mkononi hutetemesha mpaka vidole vinakufa ganzi na kuwa vyeupe. Kwa sababu hiyo kanuni za mwaka 2005 huko zinamlazimu mwajiri kupima mtetemo na kuupunguza. Basi kabla ya kukubali mpango kama huu, mwakilishi wenu aulize: nani atabeba majani, mashine ni ipi, mtu mmoja ataishika kwa muda gani, na vibarua wa msimu watabaki wangapi. Majibu yaandikwe katika mkataba kabla majani hayajaanza kukua.