Siri ya Jinsi katika Mchezo wa Metroid: Tatizo la Tafsiri katika Lugha za Uwanda wa Kati

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi sarufi inavyoweza kutunza au kufichua siri ya masimulizi. Mfano wetu ni Metroid, mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani mwaka 1986. Mchezaji humwongoza Samus Aran, mwindaji aliyevaa deraya, katika mapango ya sayari Zebes. Huruka kutoka jukwaa hadi jukwaa, na mara nyingi hurudi alikopita ili kufungua njia kwa uwezo alioupata baadaye. Muundo huu umeigwa katika michezo mipya yenye sura ya kizamani, kama Axiom Verge ya Thomas Happ (2015).

2.0 Tatizo

Mchezaji akiumaliza mchezo kwa muda mfupi, Samus huvua kofia ya deraya, na hapo hubainika kuwa ni mwanamke. Kijitabu cha maelezo cha Kiingereza kilikuwa kimemtaja kwa kiwakilishi cha kiume. Je, mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuurudia uongo huo?

3.0 Uchambuzi

Tuangalie sentensi hii:

(1) Mwindaji amevaa deraya, anaingia pangoni.

Kiambishi a- huonyesha nafsi ya tatu umoja katika ngeli ya A-WA, wala hakidokezi jinsi. Nomino mwindaji nayo haidokezi. Cigogo na Kirangi, zikiwa lugha za Kibantu, zina tabia hiyo hiyo.

Hali ni tofauti katika Kisandawe, lugha yenye sauti za vidoko. Humo hewe ni yeye mwanamume, na hesu ni yeye mwanamke. Kiburunge, lugha ya Kikushi, nacho hutofautisha jinsi kisarufi. Kwa hiyo, mfasiri asiyevuka mipaka ya Mkoa wa Dodoma anakabiliwa na hali zote mbili: lugha inayoitunza siri bila jitihada, na lugha inayomdai achague.

4.0 Mjadala

Hata hivyo, ukimya wa sarufi si ukimya wa mawazo. Msomaji wa (1) huenda akamwona mwanamume kwa sababu ya mazoea yake kuhusu uwindaji. Msomaji wa Kiingereza alidanganywa na kijitabu. Wa Kiswahili angekuwa amejidanganya mwenyewe. Kwa maoni yetu, fundisho la pili ni zito zaidi. Lakini neno moja tu, kama bwana au kaka, lingeliharibu.

5.0 Hitimisho

Kutokuwapo kwa jinsi katika upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili kusichukuliwe kuwa pengo ambalo mfasiri hana budi kuliziba. Ni nyenzo ya usimulizi. Tunapendekeza wanafunzi wa uzamili waijaribu sentensi (1) kwa wasemaji wa lugha hizi, kisha wawaulize: mwindaji huyu ni nani? Majibu yatatenganisha yale yanayosemwa na sarufi na yale tunayoyaongeza wenyewe.