Maziwa ya Ndama ni ya Ndama

SOMO LA SABA: KULEA NDAMA WA NG'OMBE WA MAZIWA



Katika Manispaa ya Kinondoni nyumba zimekuwa nyingi na malisho yamepungua. Hata hivyo, huko Bunju, Mabwepande na Wazo bado wako watu wanaofuga ng'ombe mmoja au wawili bandani. Hukata majani bondeni, hununua pumba na mashudu, na huuza maziwa kwa majirani na kwa mama ntilie. Leo tutasoma habari za ndama. Kwanza tusome hadithi hii.

Mama mmoja wa Bunju

Mama mmoja wa Bunju alikopa fedha katika kikundi chake. Akanunua ng'ombe chotara mwenye mimba. Ng'ombe alizaa usiku. Alizaa ndama jike, mzuri, mwenye baka jeupe usoni. Mama alifurahi sana. Alisema, "Huyu ndiye atakayenirithi ng'ombe wangu."

Asubuhi alikamua. Maziwa yalitoka mazito na ya manjano. Aliogopa. Alidhani ni usaha. Aliyamwaga yote nyuma ya banda. Ndama alinyonya kidogo tu, tena ilikuwa mchana.

Siku ya tano maziwa yalikuwa meupe. Wateja walianza kuja. Mama alikuwa na deni la kulipa, kwa hiyo aliuza karibu maziwa yote. Ndama aliachiwa mabaki ya kiweleni.

Siku ya tisa ndama alianza kuhara. Siku ya kumi na moja akafa.

Mambo hayakuishia hapo. Ng'ombe alilia siku mbili akimtafuta mtoto wake. Alipokamuliwa alipiga mateke na kuzuia maziwa. Ndoo iliyokuwa ikijaa ikawa inatoka nusu. Bwana Mifugo alipofika aliuliza:

"Mama, maziwa ya kwanza uliyapeleka wapi?"

"Niliyamwaga, mwanangu. Nilidhani ni uchafu."

"Pole sana, mama. Ile ndiyo ilikuwa dawa ya ndama wako."

Mama huyu hakuwa mvivu, wala hakuwa mchoyo. Alikuwa hajafundishwa. Sisi tujifunze kabla hatujapata hasara kama yake.

1. Maziwa ya kwanza

Maziwa ya kwanza baada ya ng'ombe kuzaa huitwa dang'a. Ni mazito na ya manjano. Huo si ugonjwa. Ndivyo yalivyo.

Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga ya magonjwa angali tumboni mwa mama yake. Ndama hapati. Kondo la ng'ombe halipitishi kinga hiyo. Kwa hiyo ndama huzaliwa hana silaha yoyote ya kupigana na magonjwa. Silaha zake zimo ndani ya dang'a.

Ziko humo, lakini mlango wa kuziingiza haukai wazi muda mrefu. Ndama anapozaliwa, utumbo wake huweza kupitisha kinga ile moja kwa moja hadi kwenye damu. Kila saa inayopita, mlango huo unazidi kufungwa. Baada ya siku moja umefungwa kabisa. Ukimpa dang'a siku ya pili, atapata chakula kizuri, lakini ile kinga haitaingia tena katika damu yake.

Basi fanya hivi:

(a) Ndama akizaliwa, futa ute puani na mdomoni. Mwache mama amrambe. Kumramba humkausha, humpasha joto na huamsha damu yake.

(b) Paka kitovu dawa ya ayodini. Kitovu kibichi ni njia ya vijidudu kuingia mwilini.

(c) Osha kiwele na chuchu za mama kwa maji safi.

(d) Hakikisha ndama amenyonya mapema. Ndama mwenye afya husimama katika saa ya kwanza au ya pili. Asipoweza, msaidie. Akishindwa kabisa, kamua dang'a umpe kwa chupa.

(e) Ndama wa kilo 30 apate lita 2 za dang'a kabla ya saa 6 kupita tangu azaliwe. Apate lita nyingine 1 au 2 kabla ya saa 12 kupita. Aendelee na dang'a siku tatu.

Kama mama amekufa, tafuta ng'ombe mwingine aliyezaa siku hiyo hiyo, uombe dang'a yake. Majirani wafugaji waelewane mapema juu ya jambo hili.

2. Tumbo la ndama

Ng'ombe mkubwa ana tumbo lenye vyumba vinne. Chumba cha kwanza ni kikubwa kama pipa. Humo wamo vijidudu vingi sana visivyo na madhara, ambavyo huyeyusha majani. Ndiyo maana ng'ombe hula haraka, kisha hulala kivulini akicheua.

Ndama hana pipa hilo bado. Chumba chake cha kwanza ni kidogo na hakifanyi kazi. Anaponyonya, mfereji mdogo hujifunga ndani ya tumbo na kuyapeleka maziwa moja kwa moja hadi chumba cha nne. Humo ndimo yanamoyeyushwa. Kwa hiyo ndama wa wiki mbili hawezi kuishi kwa majani. Usiseme, "Majani yapo, na ale." Akila majani peke yake, atadhoofika huku tumbo limevimba.

Lakini chumba cha kwanza hukua kwa kufanyishwa kazi. Tangu wiki ya pili mwekee majani laini makavu, pumba kidogo iliyochanganywa na mashudu, na maji safi ya kunywa. Mwanzoni atanusa tu. Baadaye atalamba, kisha atakula. Siku utakayomwona analala na kucheua, ujue pipa limeanza kazi.

Mgawo wa maziwa uwe hivi:

Wiki ya 1 hadi ya 8: lita 3 kwa siku.
Wiki ya 9 na ya 10: lita 2 kwa siku.
Wiki ya 11 na ya 12: lita 1 kwa siku.

Gawa mara mbili, asubuhi na jioni, kwa saa zile zile. Maziwa yawe na joto kama la kiwele. Ndoo ioshwe kila mara. Mwachishe maziwa anapotimiza miezi mitatu, ikiwa anakula karibu kilo 1 ya chakula cha pumba kwa siku.

3. Kwa nini ng'ombe huzuia maziwa?

Maziwa hayatoki kwa kuvutwa chuchu tu. Ndama anaposukuma kiwele kwa kichwa, au mkamuaji anapokiosha kwa maji ya vuguvugu, ubongo wa ng'ombe hupeleka ujumbe katika damu. Ujumbe huo hukifanya kiwele kiachie maziwa. Hali hiyo hudumu dakika chache tu. Kamua bila kukatiza, umalize kama dakika 7.

Ng'ombe akiogopa, ujumbe huo huzuiwa. Kelele, fimbo, mbwa, au mkamuaji mgeni humfanya ashike maziwa. Machotara wengi wenye damu ya ng'ombe wa kienyeji hawaachii maziwa vizuri wasipomwona ndama. Hivyo kumtunza ndama ni kutunza ndoo yako pia. Wazee walisema, "Ng'ombe haelemewi na nunduye."

4. Banda na kuhara

Ndama akae peke yake katika chumba kidogo, pakavu, chenye nyasi za kulalia. Wakati wa masika, sakafu yenye maji na mavi huua ndama wengi. Upepo upite juu, lakini usimpige alipolala. Mkiwa na ndama wawili, watengeni. Ndama akimaliza maziwa ya ndoo huwa bado ana hamu ya kunyonya, na huweza kumnyonya mwenzake kitovu au masikio na kumwambukiza.

Ndama akihara, adui mkubwa ni kukaukiwa maji mwilini. Angalia macho. Je, yameingia ndani? Finya ngozi ya shingo, kisha iachie. Je, inachelewa kurudi? Kama ndivyo, fanya haraka:

(a) Chemsha maji lita 1, yaache yapoe. Tia sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo. Koroga. Ndiyo maji yale yale tunayowapa watoto wetu.

(b) Mpe lita 1, mara 3 au 4 kwa siku, kati ya nyakati za maziwa.

(c) Usimnyime maziwa. Mpe kidogo kidogo. Maji ya chumvi hurudisha maji mwilini, lakini hayashibishi.

(d) Ndama asiyeweza kumeza usimlazimishe kwa chupa. Maji yataingia mapafuni.

(e) Mwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo, hasa ukiona damu katika mavi au ndama hasimami.

5. Kupe na ndigana kali

Ugonjwa huu una historia katika mji wetu. Miaka ya 1897 na 1898, daktari Mjerumani Robert Koch alichunguza damu ya ng'ombe hapa Dar es Salaam. Aliona vijidudu vidogo, lakini alidhani ni vya ugonjwa mwingine. Mwaka 1902 ng'ombe wengi walikufa Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe. Ugonjwa ulikuwa umefika huko pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Ndipo ukaitwa kwa Kiingereza homa ya Pwani ya Mashariki. Sisi tunauita ndigana kali.

Huletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Kupe akiwa mdogo hunyonya ng'ombe mwenye vijidudu, kisha hudondoka. Akikua hupanda ng'ombe mwingine na kumwambukiza.

Sikiliza jambo hili muhimu. Kupe haambukizi mara tu anapouma. Kwa kawaida hunyonya siku tatu au nne kabla vijidudu havijakomaa katika mate yake. Basi ukimkagua ndama kila siku na kutoa kupe mapema, unavunja safari ya ugonjwa. Kagua ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkia na kwenye kiwele.

Wengine husema, "Ng'ombe wangu hatoki bandani, kupe watatoka wapi?" Kupe huja na majani uliyoyakata bondeni. Kwa hiyo nyunyiza dawa ya kupe kwa bomba la mkono, kwa kipimo ulichoelekezwa. Dawa hafifu hufundisha kupe kuizoea. Dawa kali mno hudhuru ndama na wewe mwenyewe.

Dalili za ndigana kali ni hizi: tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba. Homa hupanda. Ndama huacha kula na macho hutoa machozi. Baadaye hupumua kwa shida na povu hutoka puani. Ukingoja povu, umechelewa. Dawa ipo, lakini husaidia zaidi ikitolewa mwanzoni. Chanjo pia ipo. Hutolewa na mtaalamu aliyefundishwa, kwa sababu ndani yake mna vijidudu hai na hutolewa pamoja na dawa. Muulize Bwana Mifugo wa kata yako.

6. Hesabu ya ndama

Tuhesabu pamoja.

Wiki 8 ni siku 56. Lita 3 mara 56 ni lita 168.
Wiki 2 ni siku 14. Lita 2 mara 14 ni lita 28.
Wiki 2 nyingine: lita 1 mara 14 ni lita 14.
Jumla ni lita 210.

Sasa tuseme ng'ombe anatoa lita 8 kwa siku, kwa siku 300. Hizo ni lita 2,400. Kwa hiyo katika kila lita 11, ndama hunywa kama lita 1. Zilizobaki ni zako na wateja wako.

Yule mama wa Bunju aliifanya hesabu hii darasani, baada ya hasara. Alinyamaza kwa muda. Kisha alisema, "Kumbe nilimnyima lita moja, nikapoteza ng'ombe mzima." Ng'ombe wake alipozaa tena, alilala karibu na banda. Ndama alizaliwa saa 10 alfajiri. Kabla jua halijachomoza alikuwa amekwisha kunyonya. Wateja walipokuja, mama aliwaambia, "Subirini siku chache. Sasa ni zamu ya mwenye maziwa." Ndama huyo sasa ni mtamba.

Mambo ya kukumbuka

Dang'a haimwagwi. Mpe ndama mapema.
Kitovu kipakwe dawa.
Ndama apate maziwa yake kila siku, kwa kipimo.
Akihara, mpe maji ya chumvi na sukari, na maziwa usikatize.
Kagua kupe kila siku.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini ndama huhitaji dang'a siku ya kwanza?
2. Yule mama alifanya makosa gani? Nani angeweza kumsaidia mapema?
3. Kwa nini ndama asiyetoka bandani huweza kupata kupe?
4. Lita 1 ya maziwa mtaani kwako inauzwa shilingi ngapi? Zidisha kwa 210. Kisha linganisha na bei ya mtamba mmoja.

Kazi ya kufanya

Tengeneza daftari la ndama. Andika tarehe ya kuzaliwa, saa aliyonyonya mara ya kwanza, maziwa ya kila siku, siku ya dawa ya kupe na siku ya chanjo. Lete daftari darasani wiki ijayo, umsomee mwenzako.