Daraja la Chini na Uzamili wa Fizikia

*Daktari, nilihitimu fizikia kwa daraja la pili, ngazi ya chini, na sasa nafundisha sekondari. Natamani uzamili wa fizikia tumizi. Nijisumbue kuomba?*
*Mwalimu, Kangemi*

Omba, Mwalimu. Vyuo vyetu hupendelea ngazi ya juu, lakini mara nyingi mwenye ngazi ya chini hufikiriwa akiwa na uzoefu wa kazi inayohusiana. Uliza idara kama ualimu wako unahesabiwa, kabla ya kulipa ada ya maombi.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, si daraja. Ni kumpata msimamizi wa utafiti. Panda matatu ya Waiyaki Way, ushuke Westlands, uteremke hadi Chiromo, kwenye idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wamefanya utafiti wa seli za sola kwa miaka mingi. Soma makala moja ya mhadhiri, kisha umpelekee ukurasa mmoja wa swali unalotaka kulichunguza. Anayekuja na swali husikilizwa.

Karo ikikulemea, tazama stashahada ya uzamili ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia huko Trieste, Italia, isiyotozwa karo, au kituo mshirika wake, EAIFR, Kigali. Ushindani ni mkali, hesabu zako ziwe imara.

Ukikataliwa bila sababu, mwandikie mratibu wa uzamili, kwa upole, umwulize ulipopungukiwa.