Foklifti na Somo la Wenzo



Mwalimu alipotufundisha habari za wenzo na egemeo, nilijiuliza moyoni, "Haya yatanifaa nini?" Leo mimi ni dereva wa foklifti katika ghala moja hapa Kigali, na jibu naliona kila siku.

Rwanda haina bahari. Mizigo yake mingi huja kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo, au kutoka Mombasa kupitia Uganda. Mwaka 2019 bandari kavu ilizinduliwa rasmi huko Masaka, pembeni mwa mji. Popote mizigo mizito ipakuliwapo, foklifti haikosi: gari fupi lenye meno mawili ya chuma mbele, yapandayo na kushuka katika mlingoti.

Gari hili ni wenzo hasa. Magurudumu ya mbele ndiyo egemeo. Mzigo uko upande mmoja, na chuma kizito cha nyuma kiko upande wa pili. Kibao chake husema, kwa mfano, kilo 2,000 kwa sentimita 50. Yaani katikati ya mzigo isizidi sentimita 50 kutoka shina la meno. Tuseme kutoka shina hilo hadi egemeo ni sentimita 40. Basi 2,000 mara 90 ni 180,000. Ukipewa kasha refu ambalo katikati yake ni sentimita 100, gawanya 180,000 kwa 140: utapata kilo 1,285 tu! Hesabu hii ni ya kuelewa sababu. Kazini sharti kukifuata kibao.

Kigali ni mji wa vilima, na ua wa ghala letu una mteremko. Siku moja, ningali mgeni wa kazi, niliushuka na mifuko ya saruji ikiwa mbele yangu. Nilipofunga breki, mifuko ilimwagika, na mmoja ukaanguka hatua moja tu kutoka kwa mpagazi mwenzetu. Aliniangalia, wala hakusema neno. Mtazamo ule sijausahau.

Tangu siku ile nazishika kanuni hizi:

1. Kabla ya kuanza, kagua breki, honi, matairi, meno na minyororo.

2. Penye mteremko, mzigo uelekee juu: panda kwa mbele, shuka kinyumenyume, wala usigeuke katikati.

3. Uendapo, meno yawe chini, kama sentimita 15 kutoka ardhini, na mlingoti uinamishwe nyuma kidogo.

4. Magurudumu ya nyuma ndiyo yakatayo kona, kwa hiyo nyuma ya gari hutupwa nje kwa ghafula. Watu wakae mbali.

5. Mtu asipite chini ya meno, wala asipandishwe juu yake.

6. Funga mkanda. Gari likipinduka usiruke, maana arukaye huweza kuangukiwa na paa la chuma. Shika usukani, kaza miguu, na uinamie upande usioangukia.

Yule mpagazi tungali pamoja. Nishukapo kinyumenyume, husimama kando, mbali na njia yangu, akaniashiria kwa mkono kwamba njia ni nyeupe.

Basi, wadogo zangu, msilidharau somo la wenzo.