Namba E Siyo Umri wa Gari

"Mkuu, kati ya IST na Passo, ipi nzuri?" Swali hili nimelisikia kantini, kwenye daladala na hata kwenye foleni ya kutoa fotokopi. Anayeulizwa hujibu ndani ya sekunde mbili, na jibu mara nyingi linategemea mjomba wake anaendesha nini. Ni maongezi tu, hayana shida. Shida inaanza hela ikiwepo. Wapo wenzetu hapa chuoni wanaochangishana wawili watatu wanunue gari la kufanyia teksi mtandao. Wapo pia ambao mzazi kastaafu, anawapigia simu: "Mwanangu wewe ndiye msomi, nenda kaniangalizie gari." Hela inayozungumziwa hapo ni kiinua mgongo cha mtu aliyeshika chaki miaka 30. Ikipotea hairudi.

Sisi tunaosoma Elimu tunafundishwa kwamba swali likiwa bovu, hata mwanafunzi hodari atakupa jibu bovu. "Ipi nzuri" ni swali bovu, kwa sababu gari lenyewe haliwezi kulijibu. Gari linaweza kujibu mambo madogo madogo: nimetengenezwa lini, injini yangu ni ipi, nimewahi kugongwa, asubuhi naamkaje. Kazi ya mnunuzi ni kuuliza hayo.

Tuanze na namba, maana ndiyo inayouza magari mjini. Tanzania tumezoea kulitaja gari kwa herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao. Ukisema "IST namba D" au "namba E" kila mtu kakuelewa, na bei inapanda kadiri herufi inavyosogea mbele. Lakini herufi ile inasema kitu kimoja tu: gari lilisajiliwa lini hapa nchini. IST ya kizazi cha kwanza ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Ikiwa na namba E, maana yake imeanza kutembea kwetu juzijuzi, ila ni gari lililozaliwa wakati wengi wetu tulikuwa bado chekechea au hatujafika hata huko. Simaanishi kwamba herufi haina maana. Gari ambalo halijapiga mashimo yetu muda mrefu, shokapu na bushi zake zina nafasi ya kuwa nzuri zaidi. Lakini mipira na mabomba ya maji kwenye injini huzeeka hata gari likiwa limepaki Japani, kwenye lami safi. Kwa hiyo unaponunua herufi, jua unanunua nini.

Ukitaka kulijua gari lenyewe, fungua boneti utafute kibati chenye namba ya chesisi na aina ya gari. Hapo ndipo swali la "IST au Passo" linapovunjika vipande. IST ya kizazi cha kwanza yenye NCP60 ni cc 1300, injini 2NZ-FE. Yenye NCP61 ni cc 1500, injini 1NZ-FE. NCP65 nayo ni cc 1500, ila inavuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo ina vyuma vingi zaidi vya kutunza. Passo yenye KGC10 ni cc 1000, injini 1KR-FE ya pistoni tatu. QNC10 ni Passo vilevile, umbo lilelile, lakini ni cc 1300 ya pistoni nne. Yaani mtu aliyeuliza kuhusu magari mawili ameuliza kuhusu matano bila kujua.

Hii inatatua ubishi mmoja mkubwa wa vijiweni. Mmoja anasema Passo zinatetemeka kama mashine ya kusaga, mwingine anaapa yake imetulia tuli. Wote wanaweza kuwa wakweli. Injini ya pistoni tatu ikiwa imesimama inanguruma ina mtetemo wake wa asili, na haimaanishi kwamba imekufa. Ukiusikia mtetemo huohuo kwenye NCP61 yenye pistoni nne, hapo kuna jambo: plagi, koili, au mipira inayoshikilia injini imechoka.

Gia boksi nayo ina mtego wake. Passo ya KGC10 ina gia otomatiki ya kawaida, hatua nne. Ile iliyoifuata, KGC30 ya kuanzia 2010, inatumia CVT, ambayo haina gia za kupanda hatua kwa hatua, ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. CVT ina oili yake. Ukiiwekea oili ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ni rahisi na ipo dukani, mkanda unateleza na gia boksi inakwenda na maji. Kwa hiyo muulize muuzaji swali lisilo na mtego: "Bosi, gia boksi mara ya mwisho mliweka oili gani?" Akikwambia "ile ya kawaida ya otomatiki" na gari ni CVT, mshukuru uendelee na safari yako.

Kuhusu mkanda wa taimingi nitasema kwa ufupi. Injini za 1NZ, 2NZ na 1KR zinatumia cheni, siyo mkanda, kwa hiyo muuzaji akijisifu kwamba "timing belti nimebadilisha juzi" kwenye IST, ameshakwambia mengi kuhusu yeye mwenyewe. Corolla za zamani zenye 5A-FE ndizo zenye mkanda, na hizo lazima uulize. Cheni inaishi kwa oili safi. Chomoa kile kijiti cha oili, futa, chovya tena, angalia. Fungua na kifuniko cha kujazia oili, uchungulie ndani kwa tochi ya simu. Ukikuta ute mweusi mzito kama lami, mwenye gari alikuwa anaruka sevisi.

Sasa kilomita. Hapa ndipo watu wanaliwa. Ile namba kwenye dashibodi inarudishwa nyuma kirahisi, kwa hiyo ichukulie kama madai, kisha tafuta ushahidi. Gari linaloonyesha kilomita 60,000 halafu mpira wa pedali ya breki umeisha hadi chuma kinaonekana, usukani unang'aa kama umepakwa mafuta, na kiti cha dereva kimebonyea upande wa mlango, hilo gari linajipinga lenyewe. Kwenye tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na bado imekauka kwa uzee, na tairi kama hiyo ndiyo inayopasuka Chalinze saa nane mchana. Mkanda wa kiti nao mara nyingi una kitambulisho kidogo cha kitambaa chenye mwaka. Uvute mpaka mwisho. Kama mikanda yote inasoma mwaka mmoja na mmoja tu ni wa mbele zaidi, uliza kwa nini ulibadilishwa. Na ukikuta tope kavu kwenye mkunjo wa mwisho kabisa, gari hilo limewahi kuogelea.

Kwa wanaoagiza moja kwa moja Japani, ushahidi mkubwa ni karatasi ya mnada. Magari mengi yanayokuja kwetu yamepita kwenye minada ya huko, na mkaguzi ameyaandikia karatasi. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa anamsaidia baba yake, akatumiwa picha ya karatasi ya Vitz. Kwenye sehemu ya mwaka akaona 16. Muuzaji akamwambia "ni ya 16 hiyo, mpya kabisa", na bei ikawa ya gari la 2016. Lakini Wajapani huandika miaka kwa zama za mfalme wao. Ile 16 ilikuwa na H mbele, yaani zama za Heisei. Chukua mwaka wa Heisei, jumlisha 1988: unapata 2004. Kilichookoa hela ya mzee ni kwamba kwenye karatasi hiyohiyo gari limeandikwa SCP10, na SCP10 ni Vitz ya kizazi cha kwanza. Vitz ya 2016 ya cc 1000 ingesoma KSP130. Tofauti ya miaka 12, kwa tarakimu mbili tu. Kuanzia Mei 2019 zama zimebadilika kuwa Reiwa, wanaandika R, na hapo unajumlisha 2018.

Usiichanganye R hiyo na R ya kwenye daraja. Juu ya karatasi kuna daraja: 4.5 na 4 ni magari yaliyotunzwa, 3.5 lina makovu ya kawaida, na R au RA ni gari lililogongwa likarekebishwa. Halafu kuna mchoro wa gari wenye herufi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, C ni chuma kilichoanza kuliwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa, A1 ni ndogo, A3 ni kubwa. A1 nane zisikutishe. Ninazoziogopa mimi ni S na C chini ya gari, kwa sababu mkwaruzo hausambai, kutu inasambaa.

Watu pia hupenda kusema "chukua cc ndogo, kodi ndogo." Kwa hesabu si uongo, lakini tuipige tuone. Tuseme gari limethaminiwa 100 likiwa limefika Dar pamoja na meli na bima. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, inakuwa 125. Gari la zaidi ya miaka 10 linatozwa asilimia 30 ya uchakavu juu ya hiyo 125, yaani 37.5. Ushuru wa bidhaa kwa cc kati ya 1001 na 2000 ni asilimia 5, yaani 6.25. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla yote hiyo, 168.75, inatoka kama 30.4. Jumla ya kodi ni karibu 99. Umelipa gari mara mbili. Sasa chukua cc 1000, ambayo ule ushuru wa asilimia 5 haiiguzi: kodi inashuka hadi karibu 92. Umeokoa saba. Lakini gari la cc 1500 ambalo halijafika umri wa kutozwa uchakavu lingelipa kama 55. Umri ndio unaouma kuliko cc. Kweli, gari jipya zaidi linathaminiwa juu zaidi, kwa hiyo usirukie hitimisho: weka magari yote mawili kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti. Na kumbuka TRA wana thamani zao kwenye mfumo, kwa hiyo ankara yenye bei ya chini uliyoandikiwa na muuzaji haitakusaidia. Kuna tozo nyingine ndogondogo, na viwango vinaweza kuguswa kila bajeti ya Juni.

Kwa gari lililopo hapa mjini, mwambie muuzaji utakuja asubuhi na asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, ana kitu anaficha, au kwa heshima tuseme hakukusikiliza. Geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ya injini, ya oili na ya betri lazima ziwake. Washa injini, zizime. Taa ya injini isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki inawaka, kwa sababu huenda mtu ameitoa balbu. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni mafuta yanayozidi. Mweupe mzito usiokata ni maji ya rejeta yanaingia ndani, ingawa kule Iringa au Mbeya asubuhi ya baridi mvuke mwepesi ni kawaida.

Mchukue fundi wako, siyo wa kwenye yadi, na umlipe kabla hajaliona gari. Fundi anayesubiri "cha juu" akishanunulisha hawezi kukwambia usinunue. Mkishakubaliana, angalia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari, linganisha chesisi na kadi herufi kwa herufi, na kubadilisha umiliki kufanyike siku hiyohiyo mnayolipana, wakati muuzaji bado anapokea simu.